Breka Ikishuka Kila Mara Kwenye Karakana ya Nyumbani, Usikimbilie Kuweka Kubwa Zaidi

Karakana za uani zimeongezeka: kuchomelea mageti, kuranda mbao, kujaza upepo. Nyingi zinatumia nyaya zilizotandazwa kwa ajili ya taa, televisheni na pasi. Malalamiko tunayopokea yanafanana, kwamba breka (swichi inayokata umeme yenyewe mzigo ukizidi au shoti ikitokea) inashuka kila mara, na dawa ya mtaani nayo ni ileile: ng'oa ya ampea 20, weka ya 40. Tunaomba jambo hili liachwe leo.

Breka haikuwekwa kulinda mashine yako. Inalinda waya uliomo ukutani. Waya wa milimita za mraba 2.5 wa soketi kwa kawaida hupewa breka ya ampea 20, na wa 1.5 wa taa hupewa ya 6 au 10. Ukiweka ya 40 kwenye waya wa 2.5, grenda ya wati 2,000, ambayo kwa volti 230 inavuta karibu ampea 9, itafanya kazi pamoja na mashine ya kuchomelea inayovuta 25 na breka haitashuka. Kinachochemka ni waya. Plastiki yake ya PVC inahimili nyuzijoto 70. Ikizidishiwa kwa muda mrefu hukakamaa na kupasuka, kisha shoti hutokea juu ya dari, mahali usipopaona.

Wapo wanaoshikilia kwamba breka ya 20 hukata palepale umeme unapopita 20. Si kweli, na tumelieleza hili mara nyingi. Kwa kiwango cha kimataifa, breka hiyo ikibebeshwa ampea 29 inaweza kuchukua hadi saa nzima kabla ya kukata. Kwa hiyo ikishuka baada ya dakika kadhaa za kazi, mara nyingi imezidiwa mzigo. Ikishuka papo hapo, shuku shoti.

Hitilafu ambayo breka haiioni kabisa ni skrubu ya kubana waya iliyolegea. Ampea 20 zikipita kwenye kiungo chenye ukinzani wa omu 0.1, hapo huzalishwa joto la wati 40, sawa na kifaa cha kulehemu cha fundi redio kilichosahauliwa ndani ya kasha la breka. Umeme haujazidi, hivyo breka inabaki juu huku plastiki ikiungua. Harufu ya plastiki, kasha lenye joto, ncha ya waya iliyogeuka kahawia au mlio kama wa mafuta yanayokaangwa ni sababu tosha ya kuzima meni swichi na kuita fundi. Vumbi la mbao likijaa humo, cheche moja inatosha.

Breka ikishuka, zima mashine, chomoa plagi zote, pandisha mara moja tu. Ikishuka tena bila mzigo wowote, iache chini. Kosa huenda limo kwenye nyaya au kwenye breka yenyewe. Kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30, kijaribu kwa kubonyeza kitufe cha T, kisiposhuka, kibadilishwe.

Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Mwambie akuonyeshe, soma daraja, kwa kuwa kila daraja lina mipaka ya kazi, kisha angalia tarehe ya mwisho. Leseni iliyoisha muda si leseni. Mashine ya kuchomelea ipewe sakiti yake peke yake kutoka kwenye kasha, waya na breka vikokotolewe kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mashine. Kukata lakiri ya mita ni kosa kisheria, hata kama nia ni kuongeza mzigo tu. Maombi ya kuongeza mzigo hupelekwa TANESCO.

Kizimamoto cha poda kavu au kabonidayoksaidi kikae karibu na mlango, si chini ya kasha. Moto ukiwaka kwenye kasha, usimwage maji. Zima meni swichi ikiwa unaifikia kwa usalama. Kama huifikii, toa watu wote nje, kisha piga 114, namba ya zimamoto, utaje mtaa na alama iliyo karibu.