Lugha ya kufundishia: maana yake, na inakovujia

Lugha ya kufundishia ni ile ambayo mwalimu hueleza somo kwayo, kitabu cha kiada kimeandikwa kwayo, na mwanafunzi hujibu mtihani kwayo. Wengi huichanganya na somo la lugha. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza nchini Tanzania ana kipindi cha Kiingereza kwenye ratiba. Humo Kiingereza ndicho kinachofundishwa. Kengele ikilia, ikaingia Baiolojia, Kiingereza hichohicho kinageuka mtungi wa kubebea habari za seli na mzunguko wa damu. Mtungi ukivuja, maji yanamwagika njiani, hata kama mwalimu anakijua vizuri kisima alikoyateka.

Kenya inaonyesha tofauti hiyo kwa upande wa pili. Tangu mfumo wa 8-4-4 (miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu) uanze mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye mtihani wake: ngeli, methali, insha. Lakini eneo la duara na mmeng'enyo wa chakula husomwa kwa Kiingereza. Ndiyo maana unaweza kumkuta Mkenya mwenye Kiswahili sanifu cha kupigiwa mfano ambaye hajawahi kusikia "nusu kipenyo", na Mtanzania ambaye insha inamtoa jasho lakini mzingo wa duara anaukokotoa kwa Kiswahili bila kusita.

Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya shule zote za msingi za umma mwaka 1967. Sekondari ikabaki na Kiingereza. Tume ya Makweta, tume ya rais iliyochunguza elimu, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza ifikapo 1985. Serikali haikulifuata pendekezo hilo. Sera ya elimu ya 1995 ikathibitisha Kiingereza, ya 2014 ikakifungulia Kiswahili mlango wa ngazi zote, na madarasa ya sekondari yakaendelea vilevile. Zanzibar ilichukua njia nyingine: sera yake ya 2006 ilipeleka Hisabati na Sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la 5.

Ukikaa nyuma ya darasa la sekondari ya kata, hata hivyo, utasikia kitu ambacho hakuna sera inayokitaja. Ubaoni ni Kiingereza. Mdomoni ni Kiswahili, au mseto wa lugha zote mbili. Kwenye karatasi ya mtihani ni Kiingereza tena. Wanaisimu huuita mseto huo kubadili msimbo, na wenye mamlaka huuona kama uzembe wa mwalimu. Si uzembe. Mwalimu ana dakika 40 na mada moja, na macho ya wanafunzi yanamwambia kwamba sentensi aliyoitoa haijafika. Tatizo lipo mahali pengine: maelezo yaliyopokelewa kwa Kiswahili hudaiwa kwa Kiingereza mwisho wa mwaka, na hakuna kipindi hata kimoja kilichotengwa kwa ajili ya kuvuka kutoka huku kwenda kule.

Hapo ndipo inapofaa tofauti aliyoieleza Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya lugha wa Kanada, mwaka 1979. Kuna lugha ya mazungumzo na kuna lugha ya taaluma. Ya kwanza, ya kusalimiana, kununua na kutaniana, mtoto aliyezungukwa na wasemaji huipata kwa takriban miaka 2. Ya pili, ya kueleza sababu, kulinganisha na kuhitimisha kwa maandishi, humchukua miaka 5 hadi 7. Makadirio hayo yanahusu watoto wahamiaji wanaoisikia lugha hiyo kila siku, barabarani na kwenye televisheni. Mtoto wa Kishapu, mkoani Shinyanga, aliyesoma Kiingereza vipindi vichache kwa wiki hana mtaa wa kumsaidia. Kumtaka aisome Fizikia kwa Kiingereza baada ya kozi ya utangulizi ya wiki chache ni kumtaka aogelee kwa sababu ameonyeshwa bahari.

Dalili za mtungi unaovuja zinajulikana. Ya kwanza ni kuitikia kwa pamoja. Mwalimu anasema nusu ya neno, darasa linamalizia, anauliza "Tumeelewana?", linajibu "Ndiyooo". Ya pili ni kumeza notsi: mwanafunzi anaandika aya nzima kama ilivyokuwa ubaoni, pamoja na kosa la tahajia la mwalimu. Ya tatu huonekana kwenye mtihani na haitazamwi inavyostahili, nayo ni vitenzi vya maswali. Mwanafunzi akiambiwa "explain" anaorodhesha vitu vitano, kwa kuwa amezoea "state". Akiambiwa "distinguish" anatoa maana ya kitu cha kwanza, kisha ya kitu cha pili, bila kuviweka ana kwa ana. "Account for" (eleza sababu) humfanya atafute hesabu. Kwa Kiswahili angejua kwamba taja, eleza, tofautisha na jadili ni kazi nne tofauti. Vitenzi hivyo si vingi, na mwalimu wa somo lolote anaweza kuvifundisha kwa wiki mbili.

Kiswahili nacho hakina kinga ya matatizo. Baadhi ya istilahi zake zinajieleza: nusu kipenyo inakwambia papo hapo uchukue kipenyo ugawe kwa mbili, na namba tasa ni ile isiyogawanyika isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Lakini "uzito" unabeba dhana mbili ambazo Fizikia inazitenga: kiasi cha mata, kinachopimwa kwa kilogramu, na kani (force) ya dunia inayokivuta kitu chini, inayopimwa kwa nyutoni. Sokoni unauliza uzito wa nyama, unajibiwa kilo 2, na hakuna anayepungukiwa. (Mwingereza buchani hufanya kosa hilohilo kwa lugha yake, kwa hiyo tusikisingizie Kiswahili.) "Nguvu" ni mbaya zaidi, kwani mtaani inasimama mahali pa kani, nishati na uwezo wa mashine kwa pamoja. Istilahi zipo, zimeshaundwa. Zisipotumika darasani hubaki kwenye kamusi.

Njia inayofanya kazi ndani ya dakika 40 ni hii. Andika maneno 6 hadi 8 ya mada upande mmoja wa ubao, Kiingereza na Kiswahili bega kwa bega, na yasifutwe hadi mwisho. Eleza dhana yenyewe kwa Kiswahili mfululizo, dakika 7 au 8, ukiwa na kitu mkononi: jiwe, mzani, jani. Waache wawili wawili wabishane kwa lugha wanayoitaka. Kisha, na hapa ndipo wengi huishiwa muda, kila mmoja aandike sentensi 2 za Kiingereza kwa kutumia fremu uliyowapa, mfano "... increases because ...". Kinachoharibu ni kutafsiri sentensi kwa sentensi. Wanafunzi huzoea haraka kwamba nusu ya Kiswahili inakuja, wanaacha kusikiliza nusu ya kwanza, na mwishoni Kiingereza chao hakijasogea hata hatua. Kibao cha mbao anachovalishwa mtoto aliyeteleza akaongea lugha ya kwao hakifundishi hata neno moja la Kiingereza, kinamfundisha kunyamaza.

Tukumbuke pia kwamba kwa mtoto wa Kimaasai au Kisukuma kijijini, Kiswahili cha darasa la 1 ni lugha ya pili. Akifika kidato cha kwanza, anavuka daraja la lugha kwa mara ya pili.

Upande wa utamaduni, lugha huja na vipimo vyake. Saa ni mfano ulio wazi. Mkono mfupi ukiwa kwenye 7 asubuhi, Mswahili anasoma saa 1, maana anahesabu tangu jua lichomoze. Sasa mpe mwanafunzi swali la Jiografia: Greenwich ni saa 10:00 usiku wa Jumatatu kwa saa za Kizungu, je, ni saa ngapi longitudo 45 mashariki? Nyuzi 15 ni saa moja, kwa hiyo anaongeza saa 3. Kichwani mwake saa nne ya usiku inakuwa saa saba ya usiku, hesabu safi. Lakini saa saba hiyo ni 1:00, na tarehe imeshageuka kuwa Jumanne. Kwa Kiswahili bado ni usiku uleule, hakuna kilichogeuka, naye anaandika Jumatatu. Mwalimu anayeliona hilo kama udhaifu wa hesabu atampa mazoezi zaidi ya kujumlisha, na kosa litabaki palepale.

Ukoo una mtego wake pia. Mtoto wa baba mdogo ni kaka. Kumwita binamu ni kama kumsukuma nje ya nyumba. Kwenye Baiolojia kuna mada ya urithi, na mwanafunzi anachora chati ya familia yenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Anamweka huyo kaka kwenye mstari wa waliozaliwa pamoja naye, uwiano unavurugika, na alama zinakwenda. Kabla hajashika kalamu, mwalimu amuulize swali moja la Kiswahili kwa kila jina: baba mmoja, mama mmoja?