Kummulika rubani kwa leza: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwaka 2010 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilipokea taarifa 2,836 za ndege kumulikwa kwa leza. Mwaka 2024 taarifa zilikuwa 12,840. Katika miaka hiyo kalamu za leza, zile za kuonyeshea ubaoni, zilishuka bei, zikaongezeka nguvu, na kila mwenye simu akaweza kuagiza ya kwake kwenye intaneti. Maneno ya kuutetea mchezo huu hayajabadilika. Hata upande wa wanaoupinga kuna mambo yanayosemwa kwa kutia chumvi.

"Ni kidoa tu, kitaifanya nini ndege?"

Ukimulika ukuta wa chumba, unaona kidoa cha milimita chache, na ni rahisi kudhani kwamba huko juu nako kinafika hivyohivyo. Sivyo. Mwale wa leza hutanuka kadiri unavyosafiri. Kalamu ya kawaida hutanuka kama milimita moja kwa kila mita, kwa hiyo umbali wa kilomita moja upana wake unakaribia mita nzima. Kufika hapo, mwanga unaufunika uso wote wa rubani.

Halafu kuna kioo. Kioo cha mbele cha ndege kina vumbi na mikwaruzo midogomidogo ambayo mchana huioni. Mwanga wa leza ukikipiga, kila mkwaruzo unautawanya, kioo chote kinawaka kijani, na rubani aliyekuwa akizitazama taa za njia ya kurukia anabaki kutazama mwanga mtupu. Mkono wa anayemulika nao hautulii. Mwanga unapiga, unapotea, unapiga tena, na rubani hajui utarudi saa ngapi wala kutoka upande gani.

"Mwale wenyewe naona unaishia pale juu"

Hauishii. Unachokiona ni sehemu ndogo ya mwanga iliyogonga hewa na vumbi ikarudi machoni pako. Mwanga uliobaki unaendelea na safari. Wanaastronomia wanalijua hili vizuri. Katika kituo cha kutazamia nyota cha Keck huko Hawaii, ambako leza kubwa hurushwa angani ili kutengeneza nyota bandia ya kusaidia darubini, kwa miaka mingi watu waliwekwa nje kwenye baridi ya mlimani kuangalia ndege, leza izimwe kabla ndege haijakaribia.

"Leza inawapofua marubani"

Hapa ndipo chumvi inapozidi. Chukua kalamu ya kijani ya miliwati 5, kiwango cha juu kinachoruhusiwa Marekani kwa kalamu za kuonyeshea. Hatari ya kuliumiza jicho lenyewe inaishia kama mita 16. Upofu wa muda, ule unaoachwa na mwanga mkali wa ghafla, unafika mita 80 hivi. Mng'ao wa kumzuia mtu asione mbele yake unafika takriban mita 350. Kumshtua rubani na kumvuruga mawazo kunaweza kutokea hata akiwa kilomita tatu na nusu. Ndege ya abiria haipiti mita 16 kutoka kwa mtu aliyesimama uwanjani kwake, kwa hiyo rubani kuharibiwa macho kabisa na kalamu ya namna hii ni jambo la nadra sana. Wala hakuna ajali ya ndege ya abiria iliyothibitishwa kwamba ilisababishwa na kalamu ya leza.

Naona wanaotangaza kwamba leza "inapofua" wanajiharibia wenyewe. Kijana anayemulika anajua hajampofusha mtu, anahitimisha kwamba amedanganywa, anaendelea.

Hatari iko kwenye sekunde. Usiku macho ya rubani yameshazoea giza ili aweze kuona nje. Mwanga ukiyapiga, doa linabaki likielea katikati ya anachokitazama: akitazama njia ya kurukia, doa liko juu ya njia, akishusha macho kwenye vipimo, doa limehamia kwenye vipimo. Kulikwepa hawezi, kwa kuwa liko ndani ya jicho. Wakati huohuo ndege inayokuja kutua inakwenda kama mita 70 kwa sekunde. Sekunde kumi za kuona nusunusu ni mita 700, na anayemulika kwa kawaida anaipata ndege ikiwa chini, kwenye dakika zenye kazi nyingi kuliko zote. Helikopta iko pabaya zaidi, maana huruka chini, karibu na nyaya na majengo, na mara nyingi ina rubani mmoja tu, asiye na wa kumkabidhi usukani.

Hata pale ambapo hakuna aliyeumia moja kwa moja, gharama ipo. Februari 2016 ndege ya Virgin Atlantic iliyotoka Heathrow kwenda New York iligeuza na kurudi London, kwa sababu rubani msaidizi alijisikia vibaya baada ya kumulikwa muda mfupi tangu kuruka.

"Imeandikwa miliwati 5, basi ni salama"

Dhana hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwani hata muungwana aliyenunua kalamu ya kufundishia anaweza kunaswa nayo. Mwaka 2013 NIST, taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani, ilitangaza matokeo ya kupima kalamu 122. Karibu asilimia 90 ya zile za kijani hazikutimiza masharti ya usalama. Za nyekundu zilizoshindwa zilikuwa kama asilimia 44.

Kwa nini kijani? Kalamu nyingi za kijani hazianzi na kijani. Ndani yake kuna leza ndogo ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, inayochochea fuwele ya kwanza. Ya pili ndiyo inayougeuza mwanga kuwa kijani. Mtengenezaji akikwepa gharama ya kichujio, ile infraredi inatoka pamoja na kijani. Jicho hupepesa likiona mwanga mkali, lakini halipepesi kwa kisichoonekana.

Kuna na suala la rangi yenyewe. Jicho la binadamu linauona mwanga wa kijani kwa urahisi kuliko nyekundu: kalamu mbili zenye nguvu sawa, ya kijani inaweza kuonekana kama inawaka mara nane ya nyekundu. Ukitia kwenye hesabu kalamu inayodai miliwati 5 huku ikitoa nyingi zaidi, zile mita nilizotaja hapo juu hazina kazi. Nguvu ikizidishwa mara 100, kila umbali unazidishwa mara 10. Leza ya miliwati 500, ambayo inashikika mkononi bila shida, inaweza kuliumiza jicho hadi mita 160 na kuleta upofu wa muda karibu mita 800. Kwa helikopta hiyo si mbali.

"Si wavae miwani tu?"

Miwani ya kuzuia leza ipo, na baadhi ya marubani wa helikopta huitumia. Ila kinachozuia kijani cha leza kinafifisha pia kijani cha taa za uwanja na cha vipimo, na anayemulika kesho anaweza kuja na bluu. Kwa hiyo marubani wengi wanategemea mafunzo: geuza uso, usifikiche macho, ongeza taa ndani, mkabidhi mwenzako usukani, uarifu mnara wa kuongozea ndege.

"Usiku, gizani, nani atanijua?"

Mwale una ncha mbili, na moja inakuonyesha ulipo. Helikopta za polisi, ambazo ni shabaha ya kila mara, hubeba kamera zinazoona joto la mwili. Anayemulika anaonekana akikimbilia ndani na askari wa chini wanaelekezwa hadi mlangoni. Mwaka 2014 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitangaza zawadi ya hadi dola 10,000 kwa taarifa za kukamatisha.

"Sikukusudia, kwa hiyo si kosa"

Sheria zenyewe zilichukua muda kulijibu hili. Zamani Uingereza ilikuwa na kosa dogo la kummulika rubani, faini isiyozidi pauni 2,500, na kosa kubwa la kuhatarisha ndege, ambalo mwendesha mashtaka alilazimika kuthibitisha kwamba ndege ilihatarishwa kweli. Sheria mpya ya mwaka 2018 iliziba pengo: inatosha leza kumulika chombo ikamvuruga au kuelekea kumvuruga anayekiendesha, iwe ndege, treni, meli au gari, na kifungo kinafika miaka mitano. Mshtakiwa bado anaweza kujitetea kwamba hakukusudia na alichukua tahadhari zote zinazostahili.

Marekani ilitunga yake mwaka 2012: kuielekezea ndege leza kwa kujua ni kosa la jinai, hadi miaka mitano na faini ya dola 250,000. Hata hivyo suala la nia halikwisha. Mwaka 2014 mtu mmoja wa California alifungwa miaka 14 kwa kummulika rubani wa helikopta ya polisi. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilitengua lile kosa kubwa la kutaka kuvuruga ndege, ikisema hakukuwa na ushahidi kwamba alijua hatari yake. Kosa la kuelekeza leza lilibaki. Naona mahakama haikukosea. Miaka 14 kwa mtu aliyedhani mwale haufiki ni mingi mno.

"Adhabu ikiwa kali, watu wataacha"

Takwimu hazisemi hivyo. Miaka miwili baada ya sheria ya 2012 taarifa Marekani zilikuwa 3,894. Mwaka 2015 zilipanda hadi 7,703. Kweli, marubani wanatoa taarifa zaidi kuliko zamani, ila hilo halitoshi kueleza ongezeko lote.

Nchi nyingine zilishika kifaa chenyewe. Australia ilizuia mwaka 2008 kuingiza bila kibali kalamu zinazozidi miliwati 1. Kanada mwaka 2018 ilikataza kuwa na leza ya mkononi ya zaidi ya miliwati 1 bila sababu halali ndani ya kilomita 10 za viwanja vya ndege, na katika miji mikubwa ya Montréal, Toronto na Vancouver. Ugumu uko forodhani. Kibandiko kinasema 1, ndani kuna 50, na jicho la ofisa haliwezi kutofautisha. Watafiti wa NIST walibuni pia kifaa rahisi cha kupimia, kinachoweza kuundwa kwa vipuri vya kununua dukani. Ofisa mwenye kifaa hicho akifungua kasha na kupima kalamu mbili tatu, atajua kabla ya mzigo kutoka bandarini kama kibandiko kinasema kweli.