Tuombe Kwanza au Twende Hospitali? Maswali Yanayorudi Kila Semina

Tukifanya semina ya afya ya akili kanisani, tunapitisha vikaratasi watu waandike maswali yao bila majina. Huduma yetu ni ya Kikristo: tuna wauguzi, wanasihi, daktari wa magonjwa ya akili, na mchungaji anayewatembelea wagonjwa wodini. Nimeyajibu hapa maswali yanayojirudia. Mengi kwa kweli ni swali moja lile lile, na nitalijibu kila linapochomoza. Mnivumilie.

Ugonjwa wa akili ni nini?

Ni ugonjwa unaovuruga namna mtu anavyofikiri, anavyohisi na anavyoenenda, hadi ashindwe kufanya kazi, kusoma, kulala au kukaa na wenzake. Sonona ni huzuni, au kupoteza hamu ya mambo yote, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, uchovu, kujilaumu na kutamani kufa. Saikosisi ni pale mtu anaposikia au kuona yasiyokuwepo, au kuamini kwa dhati jambo lisilo la kweli, kwa mfano kwamba majirani wanamtilia sumu. Baipola ni kupanda na kushuka: kwa kipindi fulani halali, anaongea mfululizo na kugawa mali yake, kisha anaporomoka kwenye sonona. Haya matatu, pamoja na kifafa, ndiyo ninayoyaona yakicheleweshwa kuliko yote.

Tutajuaje kama ni ugonjwa au ni mapepo?

Mleteni apimwe. Sikatai mafundisho ya mtu, wala sikuja kwenye semina kubishana na wachungaji. Ila ninyi mnaouliza hamna kipimo cha kutofautisha, na mnapokaa mkijadiliana mgonjwa anazidi. Kama ni pepo, kuguswa na muuguzi hakutaliongezea nguvu. Kama ni ugonjwa, mmeokoa muda.

Kusikia sauti, kuongea peke yake, kuvua nguo hadharani, kukesha siku nne mfululizo bila kuchoka: hayo yote tunayatibu, na wengi hupata nafuu. Aliyechanganyikiwa ghafla huku ana homa kali akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, maana huenda tatizo limeanzia mwilini. Kifafa nacho ni ugonjwa wa ubongo. Anayedondoka na kutetemeka mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumwumiza, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Degedege likipita dakika 5, hospitali. Msimzunguke mkikemea huku povu linamtoka.

Tumeshaanza mfungo wa siku saba kwa ajili yake. Tumlete tukimaliza?

Hapana. Mleteni leo, na ombeni mkiwa njiani.

Mfungo endeleeni nao ninyi. Mgonjwa ale, anywe maji, alale. Siku saba zikiisha bila badiliko, najua kinachofuata: mtasema ziongezwe hadi ishirini na moja. Halafu atatajwa mtumishi fulani wa mbali, mtasafiri, mtalala huko. Tunaopokea wagonjwa tunayaona matokeo mlangoni. Midomo imepasuka kwa kukosa maji. Viganja vimevimba, na kwenye vifundo vya mikono kuna alama za kamba, kwa sababu usiku wa tatu wa mkesha alianza kupiga watu ikabidi afungwe. Begani mwa mama yake kuna mkoba, na ndani ya mkoba chupa ya mafuta ya upako iliyobaki nusu.

Saikosisi inayokaa muda mrefu bila matibabu huwa ngumu zaidi kutuliza, na mgonjwa hurudi kwenye shule au kazi yake kwa shida kubwa zaidi. Miezi hiyo mnayoiita ya kusubiri ndiyo miezi ambayo tiba ingefanya kazi vizuri.

Na kama ni siku tatu tu?

Jibu ni lile lile. Mleteni leo.

Kumpeleka hospitali si kuonyesha kwamba imani yetu ni haba?

Someni habari za Hezekia katika Isaya sura ya 38. Mfalme aliugua karibu na kufa, akaomba, Mungu akamjibu kwamba atapona na kuongezewa miaka 15. Jibu limeshatoka. Na bado nabii Isaya, yeye mwenyewe, akaagiza waweke tini juu ya jipu. Hakuna aliyemwambia nabii kwamba tini zinaonyesha imani haba.

Eliya naye, katika 1 Wafalme 19, alikaa chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili, na safari ikafuata baadaye. Ninyi mtu akisema amechoka kuishi mnamwambia aungame. Nani kati yenu na malaika aliyejifunza huduma vizuri?

Tena kanisa lina historia nzuri kwenye jambo hili. Mjini Geel, Ubelgiji, familia zimekuwa zikiwapokea wagonjwa wa akili majumbani mwao tangu Enzi za Kati, jambo lililoanzia kwa mahujaji waliokuja kwenye kanisa la Mtakatifu Dymphna. Mwaka 1796 Waquaker, dhehebu la Kikristo, wa York, Uingereza, wakiongozwa na mfanyabiashara wa chai na kahawa, William Tuke, walifungua nyumba ya kuwatunza wagonjwa kwa upole, wakati ambapo kwingine walikuwa wakitiwa minyororo. Hao walikuwa watu wa maombi.

Dada yetu alitoa ushuhuda kwamba amepona, akatupa dawa mbele ya kanisa. Sasa ameanza kuongea usiku kucha. Tufanye nini?

Mrudisheni kwa aliyemwandikia dawa, leo, kabla hajafika pabaya. Msimpe wenyewe dozi yake yote ya zamani kwa mkupuo: zipo dawa ambazo zikiachwa hata siku chache huanzwa upya kwa dozi ndogo. Aliyemwandikia ndiye ataamua.

Hapa nitasema kwa sauti. Mtu anayetumia dawa na kujisikia mzima mara nyingi yuko mzima kwa sababu anatumia dawa. Dawa za sonona huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha nguvu yake, na akishapata nafuu huendelea nazo angalau miezi 6 zaidi, la sivyo sonona inarudi. Dawa za saikosisi zikiachwa ghafla, wengi huugua tena, baadhi ndani ya wiki chache. Dawa za kifafa zikikatishwa ghafla, degedege linaweza kuja mfululizo na kuua. Kama Bwana ameponya, vizuri. Mwambieni daktari, atapunguza dozi taratibu huku akimwangalia. Uponyaji hauharibiki kwa kuthibitishwa.

Wachungaji wangu, naomba kwa heshima yote: msiguse dawa msizoziandika. Msiwaite watu madhabahuni waje kuzimwaga. Nimechoka kuwapokea wagonjwa walewale, siku chache baada ya kongamano, wakiwa wamechakaa kuliko tulivyowaruhusu.

Mtu anayetumia dawa za akili anaweza kufunga?

Aulize kwanza, kila mara. Natoa mfano mmoja tu: lithiamu, dawa ya baipola. Ukifunga bila maji, mwili unakaukiwa, figo zinaishikilia lithiamu, nayo inapanda kwenye damu mpaka inakuwa sumu. Huanza na kichefuchefu, kuhara, mikono kutetemeka kwa nguvu, kisha mtu anapepesuka kama mlevi na kuchanganya maneno. Kwenye mkesha watu watasema ameguswa na nguvu. Hajaguswa. Anahitaji hospitali saa hiyo.

Anaweza kufunga simu, televisheni au maneno ya kusengenya. Huo nao ni mfungo, na wengi wetu ungetufaa.

Tukimuuliza kama anafikiria kujiua, si tutamtia wazo?

Hapana. Ulizeni wazi: "Je, unafikiria kujiua?" Wengi hupumua kwa kupata mtu wa kumwambia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Vijana wa kwaya wamo humo.

Akijibu ndiyo, msimwache peke yake. Ondoeni sumu za wadudu, dawa zilizorundikana, kamba na silaha. Mpelekeni hospitali iliyo karibu au pigeni namba ya dharura ya mahali mlipo. Na tafadhali msimwambie kwamba kujiua ni dhambi. Anajua. Amekaa nalo neno hilo usiku kucha kabla ya kuja kwenu. Kama amekuomba usimwambie mtu, vunja ahadi hiyo.

Tumuombee kwanza kisha tumpeleke asubuhi? Hapana. Usiku huu huu.

Mke wa ndugu yangu amejifungua juzi na anasema mtoto si wake.

Dharura. Saikosisi baada ya kujifungua huja ghafla, mara nyingi ndani ya wiki 2 za mwanzo, na maisha ya mama na mtoto yako hatarini. Wasiachwe wawili peke yao hata kwa muda wa kwenda kuchota maji. Hospitali, sasa. Akitibiwa, kwa kawaida hupona vizuri.

Basi kanisa lina kazi gani?

Kubwa, ila si ya kuchelewesha. Mumsindikize kliniki. Mkae na watoto wake. Mumpelekee chakula wiki ya tatu na ya nne pia, wakati wageni wa wiki ya kwanza wameshapotea. Mumwombee kwa jina lake chumbani, na msitangaze ugonjwa wake kwenye matangazo ya Jumapili kwa kisingizio cha maombi.

Kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1992, tunaalikwa makanisa mengi kuliko tunavyoweza kwenda. Tunashukuru. Lakini fulana na picha za pamoja hazijamfikisha mgonjwa kliniki. Afadhali mtupe jioni chache katika mwaka, na watu ishirini wanaokuja kila mara, tuwafundishe huduma ya kwanza ya afya ya akili. Mafunzo ya namna hiyo yalianzishwa Australia mwaka 2000 na yameenea nchi nyingi. Mtu wa kawaida anajifunza kumkaribia mwenye shida, kumsikiliza bila kumhukumu na kumfikisha kwa mtaalamu. Leteni wahudumu wa mlangoni, walimu wa watoto, na viongozi wa maombezi kabla ya wote. Vikundi vya familia vya kila mwezi navyo viko wazi. Humo anayemuuguza mtu nyumbani anaweza kusema amechoka, na hapewi mstari wa kukariri.

Lazima niwe Mkristo nije kwenu? Mtaniombea kwa nguvu?

Si lazima, na hatumuombei mtu bila ridhaa yake. Ukitaka maombi sema. Usipotaka, tiba ni ile ile.

Nikimleta mgonjwa siku ya kwanza, nibebe nini?

Dawa zote anazotumia au alizoacha, pamoja na paketi tupu, na za mitishamba. Andika lini mabadiliko yalianza, amelala saa ngapi kwa siku tatu zilizopita, mara ya mwisho alikula na kunywa lini. Kama amekuwa kwenye mfungo, au alifungwa kamba, au alipigwa mahali fulani ili pepo litoke, mwambie muuguzi wa mapokezi mapema. Hatutakugombeza. Tunahitaji kujua ili tumpime figo na tuangalie majeraha. Aje mtu anayelala naye nyumba moja, si msemaji wa ukoo. Na mgonjwa apewe maji kabla ya kupanda gari.