Msalaba mwekundu si alama ya duka la dawa

Wengi wetu Mtwara na Lindi tumekua tukiamini kwamba msalaba mwekundu maana yake ni "hapa pana dawa". Ndivyo tulivyouzoea: kwenye kibao cha duka, umechorwa kwa brashi, rangi imechuruzika hadi kwenye herufi, au kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza ndani ya basi la Masasi.

Kumbe alama hiyo ina kazi yake. Ilikubaliwa Geneva mwaka 1864 ili askari vitani akiiona asiwapige risasi wauguzi wala majeruhi. Mikataba ya Geneva ya 1949, ile ya sheria za vita, inakataza watu binafsi na biashara kuitumia, yenyewe au inayofanana nayo, hata wakati wa amani. Hilali nyekundu, alama nyingine yenye kazi hiyo hiyo, nayo inalindwa. Sharti ni kali, na nadhani ni haki: alama ikizagaa sokoni, vitani nani ataiheshimu?

Ukitaka kuhakikisha, soma kifungu cha 53 cha Mkataba wa Kwanza kati ya hiyo ya 1949. Kinapatikana bure intaneti. Tazama pia visanduku vipya vya huduma ya kwanza: vingi vina msalaba mweupe juu ya kijani, ndiyo alama ya kimataifa ya huduma hiyo. Kwa mwenye duka, kopo dogo la rangi ya kijani linatosha.