Vita vya Msalaba: jina lililozaliwa vita vikiwa vimeshakwisha

Juzi nilipanda matatu kutoka Mtwapa kuja mjini. Tulipopita bango lililoandikwa KRUSEDI KUBWA, kijana aliyekaa mbele yangu akamgusa mwenzake bega. "Waona? Watangaza vita vya msalaba mchana kweupe." Mwenzake, aliyevaa msalaba wa fedha shingoni, akamjibu kwamba nyinyi nanyi mna jihadi yenu, na jihadi ndiyo krusedi ya Kiislamu, kwa hiyo ngoma droo. Wakacheka, wakarudi kwenye mambo ya mpira. Mimi ndiye niliyebaki nimenuna mpaka Buxton.

Si mara ya kwanza kulisikia. Kila Mwislamu na Mkristo walipowahi kugombana, popote na wakati wowote, kuna mtu atakayesema "vile vilikuwa Vita vya Msalaba". Wareno kuipiga Mombasa: Vita vya Msalaba. Waturuki kuitwaa Konstantinopoli mwaka 1453: Vita vya Msalaba. Sasa na bango la kwaya na mahubiri nalo limo.

Maana yenyewe haihitaji maneno mengi. Vita vya Msalaba ni misafara yenye silaha iliyotangazwa na Papa wa Roma, ambayo aliyekwenda aliweka nadhiri, akashona msalaba wa kitambaa kwenye nguo yake, na akaahidiwa kwamba safari hiyo itahesabiwa kuwa malipizi ya dhambi zake. Ya kwanza ilitangazwa na Papa Urbano II mjini Clermont, Ufaransa, tarehe 27 Novemba 1095, na lengo lilikuwa Yerusalemu, uliotekwa Julai 1099. Salahuddin Ayubi akaurudisha Oktoba 1187, baada ya kuwavunja Walatini, yaani hao wavamizi kutoka Ulaya, kule Hattin. Mji wao mkubwa wa mwisho huko Sham (nchi za Syria na Palestina), Akka, ukaangukia mikononi mwa Wamamluki, watawala wa Misri, mwaka 1291. Vita vya aina hii viliendelea kutangazwa kwingineko hata baada ya hapo, ila hiyo ndiyo sehemu inayojulikana zaidi.

Soma tena hiyo maana. Kuna Papa, nadhiri, kitambaa na malipizi. Neno "Waislamu" halimo, na sikulisahau. Nitalirudia baadaye kidogo, maana kinachonikera kinaanzia kwenye jina.

Wale walioondoka Ulaya mwaka 1096 hawakujua kwamba wanakwenda kwenye Vita vya Msalaba. Jina hilo hawakuwa nalo. Kwa Kilatini chao waliandika *iter*, safari, au *peregrinatio*. Hili la pili ndilo la kushangaza, kwa sababu Kiswahili chake ni hija. Mtu aliyeuza shamba, akanunua farasi na deraya, akaaga wanawe, alijihesabu kuwa anakwenda kuhiji, kama mjomba wako anavyojihesabu akipanda ndege ya Jeddah. Tofauti ni kwamba mhujaji wa Kikristo kwa desturi hakuruhusiwa kubeba silaha, na huyu alibeba. Jambo jipya la 1095 lilikuwa hapo, katika kumpa mhujaji upanga na kumwambia kwamba upanga nao ni sehemu ya toba. Kupigana na Mwislamu halikuwa jambo jipya. Wakristo wa Hispania na wa Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki yenye makao Konstantinopoli, walikuwa wamelifanya kwa karne kadhaa.

Aliyeweka nadhiri alikuja kuitwa *crucesignatus*, yaani aliyetiwa alama ya msalaba. Hata hilo lilichukua karibu miaka mia kuzoeleka. Kwenye shina hilohilo Wahispania wakapata *cruzada*, Wafaransa *croisade*, na Waingereza, baada ya kuchanganya-changanya tahajia, wakatulia na umbo lao la sasa katika karne ya 18, zaidi ya miaka mia nne baada ya Akka kuanguka. Umbo hilo la Waingereza ndilo tulilolipa vokali ya mwisho tukapata krusedi. Kuvipa namba, cha kwanza, cha pili, mpaka cha nane au cha tisa kutegemea nani anahesabu, ni kazi ya wanahistoria wa baadaye. Hakuna aliyeamka asubuhi akisema leo twaanza cha tano.

Waliovamiwa nao walikuwa na jina lao, na msalaba haukuwemo. Waarabu wa wakati ule waliandika habari za *al-Faranj*, Wafaranji, watu wa nchi za Wafranka. (Wahabeshi hadi leo humwita mzungu *ferenj*, neno ni lilo hilo.) Wabizanti, ambao walikuwa Wakristo vilevile na misalaba yao vilevile, waliitwa *Rum*, wale wa sura ya 30 ya Qur'ani. Ukiwa mtu wa Damascus mwaka 1100, hukuwaona Wakristo kama kapu moja. Kulikuwa na Warumi, jirani wa siku zote uliyemzoea kwa vita na biashara. Kulikuwa na Wakristo wa mtaani kwako waliosema Kiarabu kama wewe. Na kulikuwa na hawa Wafaranji, wageni wasiojua hata kuoga vizuri, kama walivyopenda kuwasengenya. Ibn al-Athir, mwanahistoria mkubwa aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 13, alipoeleza chanzo cha balaa hili hakuanzia Clermont. Alianzia Toledo, uliotekwa mwaka 1085, akaja Sicily, ndipo akafika Sham. Machoni mwake ilikuwa habari ya taifa lenye nguvu linalopanuka kila upande.

Basi Kiarabu kililipata wapi jina *al-hurub al-salibiyya*, vita vya msalaba? Kwa Wazungu, katika karne ya 19. Mwaka 1865 kulichapishwa Yerusalemu ufasiri wa Kiarabu wa historia iliyoandikwa kwa Kifaransa, na mwaka 1899 Mmisri Sayyid Ali al-Hariri akatoa Cairo kitabu ambacho mara nyingi huhesabiwa kuwa cha kwanza cha Mwislamu wa zama hizi juu ya vita hivyo, akilitumia jina hilo. Kwa karibu miaka mia nane wajukuu wa walioshambuliwa waliishi bila jina hilo.

Kiswahili kimefuata muundo uleule, na neno msalaba lina safari yake ya kuchekesha. Ni *salib* ya Kiarabu, herufi zilezile za sulubu na sulubisha, na Kiarabu chenyewe kililipata kwenye Kiaramu, lugha aliyosema Yesu. Kwa hiyo Mswahili akitaka kuwataja mashujaa wa Kilatini wa Ulaya, analazimika kutumia neno la Yesu lililopitia kinywani mwa Mwarabu. Historia ina mizaha yake.

Sasa nirudi kwenye lile neno nililoliacha nje. Sababu ya kuliacha ni kwamba Vita vya Msalaba havitambuliwi kwa nani aliyepigwa. Vinatambuliwa kwa nani aliyetangaza, na kwa nadhiri. Mwaka 1071 Waturuki wa Seljuki waliwavunja Wabizanti kule Manzikert: Waislamu kwa Wakristo, vita vikubwa, mfalme akakamatwa. Si Vita vya Msalaba. Kwa upande mwingine, mwaka 1209 Papa Innocent III alipeleka jeshi kusini mwa Ufaransa kuwapiga Wakathari, ambao kwake walikuwa wazushi, na watu wa Béziers wakachinjwa. Hakukuwa na Mwislamu hata mmoja wa kupigwa katika habari hiyo, lakini waliokwenda walivaa msalaba na kuahidiwa malipo yaleyale ya kiroho. Ni Vita vya Msalaba kamili. Mwaka 1147 wengine walivaa msalaba wakaenda kuwapiga Wawendi wa pwani ya Baltiki, waliokuwa wapagani.

Na kuna ile safari ya nne, ambayo mimi huisimulia kila ninapopewa nafasi. Walitoka kwa nia ya kuishambulia Misri. Wakashindwa kuwalipa Wavenisi nauli ya merikebu, wakakubali kwanza kuuteka mji wa Zara kwa niaba ya wadai wao, mwaka 1202. Zara ulikuwa mji wa Wakatoliki, chini ya mfalme wa Hungaria, naye mfalme huyo mwenyewe alikuwa ameshavaa msalaba. Papa akawatenga na Kanisa. Miaka miwili baadaye wakaingia Konstantinopoli, mji mkubwa kuliko yote ya Kikristo, wakaupora siku tatu. Misri hawakuiona.

Mambo hayakuwa safi upande wa pili pia. Jeshi la kwanza lilipofika Yerusalemu mwaka 1099, mji ulikuwa mikononi mwa Wafatimi wa Misri, Mashia, waliokuwa wamewanyang'anya Waturuki Masunni mwaka mmoja tu kabla. Mwaka 1140 Damascus ilikula yamini na Yerusalemu ya Walatini dhidi ya Zengi, mtawala wa Mosul na Aleppo, Mwislamu mwenzao. Mwaka 1148 jeshi jipya kutoka Ulaya likaja kuizingira Damascus hiyohiyo, likafukuzwa. Na mwaka 1229 Kaisari Frederick II, akiwa ametengwa na Kanisa, aliupata Yerusalemu kwa mkataba na Sultani al-Kamil, ambaye Salahuddin alikuwa ami yake. Haramu Sharifu, eneo la Msikiti wa al-Aqsa, ikabaki kwa Waislamu. Hakuna mji uliopigwa. Kwa hiyo hata hilo neno "vita" lina mushkeli kidogo, lakini siku moja ina kero moja.

Kuhusu Wareno nitakuwa mfupi, kwa sababu najua wako wasiotaka kusikia. Ndiyo, roho ya msalaba waliipakia merikebuni. Mwaka 1457 Ureno ilitoa sarafu ya dhahabu ikaiita *cruzado*, kwa ajili ya msafara uliokusudiwa kuwapiga Waturuki. Lakini mwaka 1498 Vasco da Gama aligombana na Mombasa akapokewa na Malindi, na mfalme wa Malindi alikuwa Mwislamu kama wa Mombasa. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, waliyemkalisha kwenye kiti cha Mombasa ni Sultani wa ukoo huohuo wa Malindi. Ukiiita habari hiyo Vita vya Msalaba, itabidi unieleze Malindi ilikuwa upande gani. Ilikuwa biashara, ubabe, na ugomvi wa zamani wa miji miwili, na dini ikiwa imepakwa juu.

Krusedi ya kwenye bango? Kiingereza, kikishalipata neno lake, kililitumia kwa kampeni yoyote ya moyo: dhidi ya pombe, dhidi ya rushwa. Wahubiri wa Marekani wakaliita hivyo kusanyiko la kuhubiri watu waokoke. Mwaka 1957 Billy Graham alifanya lake New York kwa miezi kadhaa, na mwaka 1960 akazunguka Afrika. Huko ndiko lilikotufikia, likiwa limeshamwaga damu yote lililokuwa nayo. Si kila sikio linajua hivyo. Septemba 16, 2001 Rais Bush alilitumia kwa maana hiyo ya kampeni, na Kiarabu kikamfasiri kwa *salibiyya*, na dunia nzima ikaona matokeo yake. Kwa hiyo kijana wa kwanza simlaumu sana. Masikio yake yalikuwa na kumbukumbu. Ila lile bango lilikuwa likimwalika uwanjani saa tisa, kuna kwaya, na kiingilio ni bure. Tanzania wengi husema mkutano wa injili, na sioni kwa nini sisi tusiige.

Yule wa pili ndiye niliyetaka kushuka naye. Jihadi si krusedi ya Kiislamu. Sisemi haikuwa na maana ya kupigana. Mwaka 1105 mwanachuoni as-Sulami alikuwa Damascus akiwasomesha watu jihadi dhidi ya Wafaranji, na Nuruddin, mwana wa Zengi, na Salahuddin walilitumia neno hilo waziwazi. Lakini hakuna Papa wa kuitangaza, hakuna kitambaa, na si hija. Wanavyuoni waliiandikia milango mizima ya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, na wakabishana ni nani inamlazimu na kwa masharti gani. Kiarabu cha vita ni *harb*. Jihadi ni mzizi wa j-h-d, kujikaza, kutoa ulicho nacho, na mzizi huo una watoto wengine wawili ndani ya Kiswahili chetu, juhudi na jitihada, ambao kila mtu huwatumia bila kumwogopa yeyote. Kaka mwenye msalaba wa fedha, neno hilo umelibeba tangu darasa la nne. Lilikuwa chini ya ripoti yako ya shule, kwa mwandiko wa mwalimu: ongeza juhudi.