Saa inasema umelala vizuri, mbona unasinzia? Maswali na majibu

Hizi saa janja zinajuaje kama nimelala?

Zinakisia. Ndani kuna kifaa kinachonasa mtikisiko wa mkono, na kwa nyuma kuna vitaa vya kijani vinavyomulika ngozi ili kuhesabu mapigo ya moyo. Mkono ukitulia na mapigo yakishuka, saa inaandika kwamba umelala. Kipimo kamili cha usingizi hospitalini hubandika vinasa kichwani kusoma ubongo, kando ya macho, kidevuni na kifuani, kisha hufuatilia pumzi na oksijeni usiku kucha. Saa haisomi ubongo. Ukilala umetulia tuli, macho makavu, unawaza ada ya watoto, yenyewe inakuhesabia usingizi. Kosa lake kubwa ni hilo: kukuongezea usingizi ambao hukuupata.

Nifanyeje isome vizuri zaidi?

Anza na mkanda. Saa ikae juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, upana wa kidole kimoja kuelekea kwenye kiwiko, ibane kiasi cha kutoteleza bila kukuachia alama. Kwa joto letu la Dar, futa nyuma ya saa kabla ya kulala, maana jasho na mafuta ya kujipaka huzuia ule mwanga. Mchoro wa tattoo nao huuzuia. Hamishia mkono mwingine. Ichaji jioni isije ikazima usiku wa manane.

Kisha ingia kwenye programu yake. Andika umri, urefu na uzito wa kweli, ule wa kwenye mzani, na useme umeivaa mkono gani. Panga muda wako halisi wa kulala na kuamka. Mtu wa Mbagala au Chanika anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi gari anaacha ratiba aliyoikuta kwenye saa, halafu anashangaa majibu hayaeleweki. Ule usingizi wa kwenye daladala nao, saa nyingi haziuhesabu.

Kwa wiki mbili weka daftari kando ya kitanda: umepanda kitandani saa ngapi, umeamka mara ngapi, asubuhi umejisikiaje. Linganisha na saa. Utajua inakosea wapi. Zile dakika za usingizi mzito na wa ndoto zisikukoseshe raha, ndipo saa inapokosea zaidi. Angalia mwenendo wa wiki, usiku mmoja hausemi kitu.

Inanionyesha pia oksijeni. Niiamini?

Kwa tahadhari. Mwaka 2020 watafiti Marekani walionyesha kwamba hata vipimo vya kidoleni vya hospitali viliwakosa wagonjwa weusi wenye oksijeni pungufu karibu mara tatu kuliko wazungu, kwa sababu rangi ya ngozi huathiri usomaji wa mwanga. Sasa fikiria saa ya mkononi. Namba nzuri isikutulize kama mwili unalalamika.

Shikamoo dokta. Mume wangu anakoroma mpaka watoto wamehama chumba. Katikati ananyamaza kimya, kisha anashtuka akitweta. Wakwe wanasema anakabwa na jinamizi. Saa yake inampa alama 85 za usingizi kati ya 100. Tusubiri kwanza?

Marahaba, mama. Msisubiri.

Huko ni kukatika pumzi usingizini. Misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba kwa sekunde 10 au zaidi, na kwa mgonjwa hutokea mara 5 au zaidi kila saa. Wenye hali mbaya hupita mara 30. Kila ikiziba, oksijeni inashuka, moyo unashtuliwa na presha inapanda. Jinamizi ni jambo jingine: mtu yuko macho, akili inafanya kazi, ila mwili haukubali kusogea kwa muda mfupi. Mume wako hakabwi na kitu. Koo lake linaziba.

Lakini alama 85 si nzuri?

Alama 85 haimpi mtu ruhusa ya kubaki nyumbani. Nalisema hili kliniki ya presha kila mara. Mtu anaingia, kipimo kinasoma 170 kwa 110 na dawa anameza, mke anaeleza anavyokata pumzi, yeye anatoa simu kunionyesha alama. Ukimwacha kwenye benchi kidogo tu, kichwa kimeshaanguka kifuani na faili liko sakafuni. Miezi yote hiyo amekuwa akikaza mkanda wa saa badala ya kuja hospitali.

Saa mpya si zinatoa tahadhari ya tatizo hilo?

Baadhi, ndiyo. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliruhusu kazi hiyo kwenye saa za Samsung na Apple. Tahadhari ikija, nenda hospitali. Isipokuja na dalili unazo, nenda vilevile.

Nikimeza Piriton au valiamu, au bia mbili tatu, si nitalala vizuri?

Naomba sana uache. Pombe na dawa za usingizi hulegeza koo, na pumzi inakatika zaidi. Piriton ni dawa ya mzio. Saa inaweza hata kukupa alama nzuri siku hiyo, kwa kuwa umelala kama gogo.

Tuanzie wapi?

Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu: presha, sukari, uzito, koo. Ombeni rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mje wawili, na usiku mmoja mrekodi kwa simu anavyokoroma. Dakika chache hizo zitamsaidia daktari kuliko grafu za mwezi mzima. Tiba zipo: kupunguza uzito, kulala ubavu, na mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa. Mtoto anayekoroma kila usiku mdomo wazi naye aletwe, mara nyingi ni mafindofindo.

Na kama mume wako ni dereva, wa basi, lori au bodaboda, na anasinzia mchana, asiendeshe mpaka aonwe. Mlete wiki hii.