Mahekalu ya Roma ya kale: waumini hawakujaa ndani, wala hayakuwa meupe

Picha za magofu na filamu zimetujengea hekalu la Kirumi ambalo halikuwahi kuwepo: jeupe pepepe, tupu, limeigwa zima zima kwa Wagiriki. Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kulitazama kama msikiti au kanisa, nyumba ya kukusanya waumini. Hekalu lilikuwa nyumba ya mungu, na watu walikaa nje. Ukianzia hapo, mapambo yake yanaanza kueleweka.

Dhana: Watu waliingia ndani kusali kwa pamoja

Ibada kuu ilifanyika peupe. Madhabahu ilisimama mbele ya hekalu, mara nyingine katikati ya ngazi zenyewe. Hapo kuhani alijifunika kichwa kwa upindo wa toga yake, lile vazi refu la Kirumi, akamimina divai na kuchoma uvumba, huku mpiga zumari akipuliza mfululizo ili neno lolote la kisirani lisisikike. Hapo ndipo ng'ombe, kondoo au nguruwe alipochinjwa. Chumba cha ndani kilikaa sanamu ya mungu pamoja na zawadi za watu walioondoa nadhiri zao. Mtu aliweza kuingia, lakini umati ulikuwa uwanjani.

Ndiyo maana fahari yote iliwekwa usoni mwa jengo: jukwaa refu, ngazi za mbele, baraza yenye kina, na juu yake pembetatu ya paa iliyojaa sanamu. Hata nakshi zilisimulia yaliyokuwa yakitendeka pale chini. Chini ya kilima cha Capitolino zimebaki nguzo tatu za hekalu la Kaisari Vespasiano. Tazama ule mkanda wa mawe uliokuwa juu ya nguzo hizo: kuna mafuvu ya ng'ombe, kisu, shoka, jagi na bakuli la kumiminia. Vyombo vya kafara vyote vimechongwa, kimoja baada ya kingine, na aliyesimama karibu na madhabahu aliweza kuvitambua bila kufundishwa.

Dhana: Warumi waliiga tu Wagiriki

Nguzo na vichwa vyake vya majani ya akantho, kweli, vilitoka kwa Wagiriki. Umbo la jengo ni habari nyingine. Hekalu la Kigiriki kwa kawaida limezungukwa na nguzo pande zote, na vidato vyake vinalizunguka pia. Warumi walirithi kwa majirani zao Waetruski jukwaa lililoinuliwa na njia moja tu ya kupandia, ile ya mbele.

Hekalu dogo la Portuno, mungu wa bandari, karibu na mto Tiber mjini Roma, linaonyesha jinsi walivyochanganya mila hizo mbili. Mbele nguzo zimesimama huru. Ukizunguka ubavuni, unakuta nusu nguzo zilizogandamana na ukuta, zikitoa sura ya Kigiriki bila kupoteza nafasi ya chumba cha ndani. Mafundi wa Nîmes, kusini mwa Ufaransa, walifanya vivyo hivyo kwenye Maison Carrée mwanzoni mwa karne ya 1 BK: nguzo 10 huru barazani, na nusu nguzo 20 ukutani. Huo ni ubunifu wa watu waliojua wanachotaka.

Dhana: Yote yalikuwa ya marumaru meupe

Hekalu la Jupita juu ya Capitolino, lililozinduliwa mwaka 509 KK kwa mujibu wa mapokeo ya Warumi wenyewe, lilikuwa na paa la mbao na mapambo ya udongo wa kuchoma yaliyopakwa rangi. Lile la Portuno, la karne ya 1 KK, ni la mawe laini ya volkano na chokaa ngumu iitwayo travertino, likapigwa lipu ili lifanane na marumaru. Marumaru meupe ya Luna, kaskazini mwa Italia, yalianza kutumika kwa wingi wakati wa Kaisari Augusto tu. Hata hayo hayakuachwa wazi: yalipakwa rangi, na shaba ikapakwa dhahabu. Jua, mvua na karne nyingi ndivyo vilivyofuta rangi hizo.

Ndani ya Pantheon, hekalu la Roma lenye kuba kubwa lililo na tundu juu, rangi zimesalia kwa sababu ziko kwenye jiwe lenyewe, na hapa Afrika ina sehemu yake. Marumaru ya manjano yalichimbwa Chemtou, katika Tunisia ya leo. Porifiri, jiwe gumu la zambarau, ilitoka jangwa la mashariki la Misri, na graniti ya nguzo za baraza nayo ni ya Misri. Kila nguzo ni jiwe moja la karibu mita 12.

Kuhusu Pantheon hiyo hiyo, jina la Agripa, jemadari wa Augusto, lililoandikwa mbele huwapotosha wengi. Agripa alijenga hekalu lililotangulia. Hili tunaloliona lilikamilika wakati wa Kaisari Hadriano, karibu mwaka 125 BK, kama mihuri ya matofali inavyoonyesha. Wengine husema mvua haipiti kwenye tundu la kuba. Inapita. Sakafu imeinuka kidogo katikati na ina vitundu vya kutolea maji.

Dhana: Kazi yake ilikuwa ibada tu

Hazina ya dola ilitunzwa katika hekalu la Saturno. Mizani na vipimo vilikaguliwa katika lile la Kastori. Seneti nayo ilikutana mara nyingi hekaluni.

Dhana: Wakristo waliyabomoa yote

Mengi yaliporwa mawe, hilo halina ubishi. Lakini Pantheon ilisalimika kwa kufanywa kanisa mwaka 609, na lile la Portuno likafuata katika karne ya 9. Hekalu la Kaisari Antonino na mkewe Faustina lilipata kanisa ndani yake, nyuma ya nguzo zile zile za mita 17. Ardhi ya eneo lile ilikuwa imepanda sana kwa kifusi, na ilipochimbuliwa baadaye, mlango wa kanisa ukabaki ukining'inia juu ya sakafu ya kale.